E407 kwenye maziwa ya mtoto: karaginani ni nini, na uiogope kiasi gani

Dada uliyeleta uzi, umeuliza mambo matatu: E407 iliyoandikwa kwenye pakiti ya maziwa ya chokoleti ya mwanao wa miaka mitatu ni kitu gani, ile klipu ya WhatsApp inayosema inaleta saratani ina ukweli kiasi gani, na kama ni kweli inatokana na mwani uleule unaolimwa Paje na Jambiani. Mchangiaji mwingine naye kauliza jinsi ya kuitumia kwenye jeli za biashara. Nawajibu wote hapahapa.

Kwa kifupi: pakiti moja ya maziwa kwa siku haimfikishi mtoto mwenye afya hata kwenye sehemu ya kumi ya kikomo kilichowekwa Ulaya. Klipu imechanganya kitu kinacholiwa na kitu kisicholiwa. Ila wanaosema "imeshathibitishwa, hakuna mjadala" nao wamepitiliza, maana upande wa utumbo mjadala bado upo.

E407 ni karaginani. Ni sukari ndefu isiyomeng'enywa, yenye salfeti, iliyomo kwenye kuta za chembe za mwani mwekundu. Na ndiyo, ni mwani wetu. Kilimo cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, mbegu zikiwa zimetoka Ufilipino. Mwani mnene, ule wanaouita cottonii, hutoa karaginani aina ya kappa, ambayo huganda ngumu na kukatika. Mwani mwembamba, spinosum, hutoa aina ya iota, ambayo huganda laini na kunesa. Kappa ndiyo yenye bei, lakini mwani mnene hauvumilii bahari ikipata joto. Unapauka, unaoza na kukatika kwenye kamba. Ndiyo maana wakulima wengi wa Zanzibar wamebaki na mwembamba, na hata kilo zikiwa nyingi pesa inakuwa ndogo. Aina ya tatu, lambda, haigandi kabisa, huzitisha tu, na hutoka kwenye mwani wa bahari za baridi.

Kiwandani kuna njia mbili. Ya kwanza, mwani huchemshwa mpaka ute utoke, ukachujwa, ukagandishwa kwa chumvi ya potasiamu au kwa alkoholi, ukakaushwa na kusagwa. Hiyo ndiyo E407. Ya pili ni ya bei nafuu: mwani mzima hupikwa kwenye maji yenye potasiamu haidroksaidi, huoshwa, hukaushwa na kusagwa na nyuzi zake. Hiyo ni E407a, na jeli yake huwa na ukungu, haing'ai. Utaikuta zaidi kwenye soseji na nyama za kopo.

Sasa hofu ya saratani. Ukichukua karaginani ukaichemsha kwa saa kadhaa kwenye asidi kali mno, minyororo yake mirefu hukatika vipandevipande. Kinachobaki kinaitwa poligini. Karaginani ya chakula ina uzito wa molekuli wa wastani wa daltoni (kizio cha uzito wa molekuli) 200,000 hadi 800,000. Poligini ina kama 10,000 hadi 20,000. Haigandishi wala haizitishi kitu, kwa hiyo mtengeneza chakula hana hata sababu ya kuitia. Wanyama wa maabara waliolishwa poligini walipata vidonda na uvimbe wa saratani kwenye utumbo. Katika miaka ya 1980 shirika la WHO la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka hiyo iliyokatwakatwa kwenye kundi la 2B, yaani huenda ikasababisha saratani kwa binadamu, na karaginani yenyewe likaiweka kundi la 3, yaani ushahidi hautoshi kuihukumu. Klipu imechukua hukumu ya kundi la 2B ikaibandika kwenye pakiti ya maziwa.

Kipande cha pili cha klipu, kile cha mguu wa panya uliovimba, ni kipimo cha kweli lakini hakihusu kula. Watafiti wa dawa za maumivu huchoma sindano ya karaginani chini ya ngozi ya unyayo wa panya ili uvimbe, kisha wanaona dawa yao inapunguza uvimbe kiasi gani. Vitu vingi tunavyokula kila siku vikipigwa sindano chini ya ngozi vitaleta uvimbe.

Yaliyobaki wazi ni haya. Mwaka 2017 Marekani ulichapishwa utafiti mdogo wa watu 12 wenye ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, uliokuwa umetulia. Waliacha kula karaginani, kisha baadhi wakapewa vidonge vyake, miligramu 200 kwa siku, wengine vidonge bandia. Watatu katika waliopewa karaginani walirudiwa na ugonjwa, upande wa pili hakuna hata mmoja. Watu ni wachache mno kufunga kesi, lakini ni binadamu, si panya. Mwaka 2024 Wajerumani walitoa utafiti wa vijana wa kiume 20 wenye afya, waliopewa karaginani miligramu 250 asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Kwa jumla namna mwili unavyoitikia insulini haikubadilika, ila kwa wale wenye uzito mkubwa ilielekea kushuka, na ukuta wa utumbo ulionekana kuruhusu vitu vipenye kuingia mwilini zaidi ya kawaida. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula, EFSA, ilipoipitia upya mwaka 2018 haikuipiga marufuku, ila iliweka kikomo na kukiita cha muda mpaka data zaidi zije: miligramu 75 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, E407 na E407a kwa pamoja. Kamati ya FAO na WHO, JECFA, yenyewe iliona hakuna haja ya kuweka namba. Mimi nafuata namba ya EFSA, kwa sababu nikiwa na namba naweza kupiga hesabu.

Tupige. Mtoto wa kilo 14 mara 75 ni miligramu 1,050 kwa siku. Maziwa ya chokoleti hutiwa karaginani kidogo sana, kama asilimia 0.02 hadi 0.03, kwa sababu kappa hushikana na protini ya maziwa na kutengeneza wavu mwembamba unaozuia kakao isizame. Pakiti ya mililita 250 kwa asilimia 0.025 ni takriban miligramu 62. Aiskrimu ni chini ya hapo, asilimia 0.01 hadi 0.02. Sasa angalia soseji na hemu (paja la nguruwe lililosindikwa): humo inaweza kufika asilimia 0.5 na zaidi, kazi yake kushika maji yaliyoongezwa kwenye nyama. Gramu 100 ni miligramu 500. Jeli ya maji ina kama asilimia 0.8, kwa hiyo kikombe cha gramu 100 ni miligramu 800. Mtoto akila jeli moja na soseji mbili kubwa, kikomo kimepita na maziwa hata hayajaguswa. Ukitaka kupunguza, anzia huko, siyo kwenye maziwa. Soseji ya namna hiyo ina kasoro nyingine pia: unanunua maji kwa bei ya nyama.

Na kuna hatari moja ya jeli ambayo klipu haikuitaja, na kwangu ni kubwa kuliko zote kwa mtoto wa umri huo. Ni vile vikombe vidogo vya jeli vya kufyonza kwa mkupuo mmoja. Jeli ya jelatini huyeyuka mdomoni kwa joto la mwili. Ya karaginani haiyeyuki kwa nyuzi 37. Ikiteleza nzima ikaziba koo, inabaki vilevile. Umoja wa Ulaya ulisimamisha uuzaji wa vikombe hivyo mwaka 2004 kwa sababu ya watoto kukabwa. Mtoto wa miaka mitatu usimpe kabisa. Jeli ya sahani mkatie vipande vidogo, ale kwa kijiko akiwa amekaa.

Kwa kichanga, msimamo wangu ni mkali zaidi. Kikomo cha EFSA hakikuhusisha watoto chini ya wiki 16. JECFA mwaka 2014 ilisema hadi miligramu 1,000 kwa lita kwenye maziwa maalumu ya wagonjwa hailetei wasiwasi, lakini hayo ni maziwa ya kuandikiwa na daktari. Kwa mtoto wa kawaida wa chini ya miezi sita, maziwa ya mama. Na ikibidi ya kopo, soma kopo ukachukue lisilo na E407.

Mwenye vidonda vya utumbo mpana au ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo) naye aiepuke, kwa kuwa kuikosa hakumpunguzii lishe yoyote. Anayesumbuliwa na tumbo kujaa na kuharisha bila sababu inayojulikana ajipime hivi: wiki tatu bila karaginani, vingine vyote aendelee navyo kama kawaida, aandike kila siku tumbo limekuwaje. Kisha airudishe kwa chakula kilekile alichokuwa akila, aangalie siku tatu nne. Wengi huharibu kipimo kwa kuacha maziwa yenyewe siku hiyohiyo. Wakipata nafuu hawajui ni karaginani au ni sukari ya maziwa iliyokuwa inawasumbua. Tumia maziwa yasiyo na kiambato hicho, usiache maziwa. Kwenye pakiti tafuta Carrageenan, E407, 407a, INS 407 au Irish moss. Damu kwenye choo au kupungua uzito hakusubiri kipimo cha nyumbani, nenda hospitali.

Kwa mwenye biashara ya jeli. Lita moja ya maji inahitaji gramu 8 za unga wa kappa na iota uliochanganywa kwa ajili ya jeli. Kappa peke yake hukatika kama udongo mkavu na kutoa maji baada ya siku moja. Iota ndiyo inayoilainisha na kuzuia huko kutoa maji. Changanya unga mkavu na sukari isiyopungua mara kumi ya uzito wake, yaani gramu 80. Usiruke hatua hii: unga ukigusa maji peke yake hufunga madonge yenye ngozi nje na unga mkavu ndani, na hayayeyuki hata ukichemsha saa nzima. Nyunyiza kwenye maji baridi huku unakoroga kwa mchapo, kisha pasha mpaka nyuzi 80 au zaidi, ushikilie dakika tano. Ukiishia nyuzi 60 utadhani umeyeyuka, lakini jeli itakuwa legevu.

Ndimu, ukwaju au rosela hutiwa mwisho kabisa, sufuria ikishatoka motoni, na umimine hapohapo. Asidi na moto vikikutana vinakata minyororo, na jeli inakataa kuganda. Ukwaju uliochemshwa pamoja na unga robo saa unatosha kuharibu sufuria nzima, na kuongeza unga baadaye hakuleti ile jeli uliyoitaka. Hapo hujatengeneza poligini, maana poligini inataka asidi kali mno na saa nyingi, lakini umeshusha ubora. Faida ya karaginani kwenye joto la Dar au Mombasa ni kwamba huganda yenyewe mezani ikishuka kama nyuzi 45, bila friji, na haiyeyuki juani kama jelatini.

Kwa maziwa ya kakao kipimo ni gramu 0.2 hadi 0.3 za kappa kwa lita. Hapo kijiko cha chai hakifai, nunua mizani ya kupima sehemu za gramu. Ukifika gramu 1 unapata kitu cha kula kwa kijiko. Ipashe pamoja na sukari na kakao, kisha ipoe huku unakoroga taratibu. Ikiachwa itulie inapopoa, hukatika mabongemabonge chupa ikitikiswa.

Unaponunua unga, muulize muuzaji cheti cha vipimo cha bechi hiyo. Angalia mnato: mchanganyiko wa asilimia 1.5 kwa nyuzi 75 usiwe chini ya sentipoizi (kizio cha mnato) 5, maana mnato mdogo ni dalili ya minyororo iliyokatika. Kiwango cha Ulaya pia kinataka sehemu iliyo chini ya daltoni 50,000 isizidi asilimia 5, risasi isizidi miligramu 5 kwa kilo, aseniki 3, kadimiamu 2, zebaki 1. Unga wa kupimiwa kwenye mfuko usio na jina, hata ukiwa nusu bei, siutii kwenye chakula cha watoto.

Anayetaka kutumia mwani wenyewe anaweza, na hauhitaji kiwanda. Chukua uliokaushwa juu ya chanja, siyo uliotandazwa mchangani. Osha, loweka usiku kucha, badili maji mara tatu au nne mpaka chumvi iishe na mchanga usionekane chini ya beseni. Gramu 30 za mkavu kwa lita moja ya maji, moto mdogo, dakika 30 hadi 45 huku ukikoroga, kisha kamua kwa kitambaa ukiwa bado wa moto, ukipoa hautapita. Mwani mwembamba utakupa ute mzito wa kutia kwenye juisi au uji, usitegemee jeli ya kukatika kwa kisu, kwa sababu haujapitia potasiamu. Mwani una madini joto, na kiasi hubadilika kutoka mzigo hadi mzigo, hivyo mwenye tatizo la tezi ya shingo na mjamzito wasiunywe kila siku bila kumwuliza daktari.