Kabla ya kutandika matofali mbele ya nyumba

SWALI: Ndugu mshauri, salaam. Tulihamia katika nyumba yetu ya Goba, Dar es Salaam, mwezi wa Januari, na sasa tunataka kuutengeneza uwanja wa mbele, ambao una upana wa mita 15, na kutoka getini hadi kibarazani ni mita 10. Nyumba inatazama magharibi. Fundi ametushauri tutandike matofali ya pevingi uwanja mzima ili tuachane na tope na vumbi moja kwa moja. Mke wangu anataka ukoka na maua, na mama yangu, ambaye tunaishi naye, anaomba mlangilangi na mahali pa kukaa jioni. Watoto ni watatu, gari ni moja. Masika yalipoanza, maji yalitoka barabarani, yakapita chini ya geti na kufika ngazi ya kwanza ya kibaraza. Fedha tuliyo nayo haitoshi kufanya yote kwa pamoja. Tuanze na lipi?
Msomaji, Goba

JIBU: Ndugu msomaji, hongereni kwa kuhamia kwenu. Anzeni na maji, na hadi masika yaishe msinunue tofali hata moja.

Ushauri wa fundi unaeleweka, kwa sababu tope linachosha, hasa kwa mwenye watoto watatu na deki ya kupigwa kila siku. Lakini hebu tupige hesabu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Uwanja wenu ni mita za mraba 150, kwa hiyo mvua ya milimita 50, ambayo kwa Dar es Salaam wakati wa masika si jambo la ajabu, inaumwagia lita 7,500, bila kuhesabu maji ya paa wala yale yanayotoka barabarani. Udongo ulio wazi na wenye mizizi hunywa sehemu kubwa ya maji hayo, lakini kifusi kilichoshindiliwa na kufunikwa matofali hunywa kidogo sana, na yanayobaki yatatafuta pa kwenda. Kwenu yameshaonyesha yanakopapenda: kibarazani. Pia Goba ni vilima na mabonde, na yule jirani aliye chini yenu ndiye atakayepokea kila tone mtakalolikataa.

Mvua kubwa ijayo, chukua mwavuli na vijiti kumi, utoke nje wakati inanyesha. Chomeka kijiti pale maji yanapoingilia, pale yanapotuama na pale yanapotokea. Ikikatika, chimba shimo la kina cha sentimita 50 mahali panapotuama, ulijaze maji, kisha ulitazame. Likikauka kwa saa chache, ardhi yenu inanyonya vizuri na mnaweza kuyaelekeza maji kwenye bustani. Likiwa bado na maji kesho yake, huo ni mfinyanzi, na mtahitaji mtaro wa kuyatoa. Vijiti hivyo viacheni hapohapo mpaka kazi iishe, maana ndiyo ramani yenu, na hata fundi wa pevingi ataifuata.

Kazi ya kwanza ya kulipia, basi, ni mtaro mwembamba unaokatiza mbele ya geti, uliofunikwa kwa wavu wa chuma unaobeba gari, pamoja na kizingiti kilichoinuka kidogo. Baada ya hapo sawazisheni udongo ulio karibu na nyumba ili kila mita moja ishuke walau sentimita mbili kuelekea mbali na msingi. Maji ya paa yapitisheni kwenye mifereji hadi kwenye tangi. Yatawafaa kumwagilia kiangazi. Nawasihi sana msiyaelekeze kwenye karo la choo, kwani litajaa siku ileile ambayo hakuna gari la kunyonya litakaloweza kufika.

Pevingi wekeni pale tairi na miguu inapopita. Njia ya gari yenye upana wa mita tatu kutoka getini hadi kibarazani ni mita za mraba 30, yaani sehemu moja ya tano ya uwanja. Kwa gari dogo tofali la unene wa milimita 60 linatosha. Kinachoharibu pevingi nyingi ni kifusi ambacho hakikushindiliwa na kingo ambazo hazikuzuiwa kwa zege, hivyo simameni pale siku ya kushindilia, hata kama mtakosa siku ya kutandika.

Sasa kivuli, ambacho kwa nyumba inayotazama magharibi ni afya ya familia. Kuanzia saa tisa alasiri jua huwa limeinama, linapita chini ya paa la kibaraza na kupiga ukuta na madirisha moja kwa moja, na ukuta wa tofali za saruji hulitunza joto hilo hadi watoto wanapolala. Mti tu ndio unaoweza kulikinga. Msipande miashoki kwa mstari kama ilivyo desturi ya mjini: inapendeza, lakini ni myembamba na kivuli chake hakimtoshi hata mtu mmoja. Chagueni mwarobaini au mkungu, mmoja tu, mita sita kutoka ukuta wa nyumba na mbali na karo. Umbali huo uzingatieni. Mimi nilipanda fikasi mita moja kutoka ukuta wa fensi kwangu, nikaufurahia miaka mitano, kisha ukuta ukapasuka kuanzia chini hadi juu, nikalazimika kuukata mti na kuujenga ukuta upya.

Ombi la mama lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Mlangilangi upandwe pembe ya kusini ya uwanja, ili miezi ya kusi upepo ulete harufu yake kibarazani. Ukifika mita tatu, kateni kilele chake, nao utatanua matawi na maua yatakuwa karibu na mkono. Chini ya kile kivuli cha mti mkubwa jengeni baraza la tofali lenye kimo cha sentimita 45, ambacho mzee huinuka bila kusaidiwa.

Miche miwili haina gharama kubwa, kwa hiyo ipandeni sasa hivi, masika yangalipo, mahali ambapo vijiti vimeonyesha maji hayatuami. Mtaro na pevingi vifanyike kati ya Juni na Septemba, ardhi ikiwa kavu. Ukoka na maua ya mke wako yasubiri vuli. Kwa ajili ya watoto, epukeni minyaa, ambayo utomvu wake hudhuru macho vibaya, na mioleanda, ambayo ina sumu kuanzia jani hadi ua.

SWALI: Mbele ya nyumba yetu kuna mwembe mkubwa. Nimepanda ukoka chini yake mara tatu na mara zote umekauka ingawa ninamwagilia. Nikate mwembe?
Msomaji, Tanga

JIBU: Tafadhali usiukate. Ukoka unataka jua la kutwa, na kumwagilia hakuwezi kuwa badala yake. Tafuta nyasi za Pemba, zile zenye majani mapana, ambazo huvumilia kivuli na hewa ya chumvi ya pwani. Panda vipande vyake kwa nafasi ya sentimita 20 mvua zinapoanza. Karibu na shina, ambako hata hizo zitakonda, acha majani ya mwembe yalale na kuoza. Mti wenyewe unayahitaji.