Gari jeusi, maji ya kisima, na msasa niliokuwa naupiga bila kujua

Nilikuwa kwenye foleni ya petroli usiku, taa kubwa nyeupe za kituo zikimulika boneti ya Premio yangu nyeusi, ndipo nikaona kitu ambacho mchana kilikuwa kinanipita: mikwaruzo myembamba, duara ndani ya duara, kama utando wa buibui. Gari nililiosha asubuhi ileile. Nikadhani ni vumbi, nikashuka kupangusa na kiganja. Wapi.

Kesho yake nikampelekea kijana mmoja fundi rangi hapa mtaani, Kigamboni. Akainama, akaangalia boneti kwa ubavu, akaniuliza, "Braza, hili gari unaliosha na nini?" Nikamjibu kwa fahari: mwenyewe, kila Jumamosi, sabuni ya unga na dodoki. Akacheka. "Basi wewe huoshi gari. Unalipiga msasa."

Alikuwa sahihi. Vumbi la barabara zetu za ndani ni mchanga uliosagika. Ukilowesha kitambaa ukaanza kusugua gari lililojaa vumbi, kila punje inakuwa kisu kidogo, na mkono wako unazunguka nayo. Taa ikimulika, mikwaruzo hiyo inaonekana kama duara. Gari jeupe au la fedha linakuficha aibu kwa miaka, jeusi linakutangaza.

Kinachokwaruzwa hasa si rangi yenyewe. Juu ya rangi kuna klia, ile tabaka isiyo na rangi inayoleta mng'ao. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50 hivi, wakati unywele wa mtu una kama mikroni 70. Kwa hiyo kinachoilinda rangi yako dhidi ya jua la Dar ni chembamba kuliko unywele, na mimi nilikuwa nakisugua na dodoki.

Siku hizi kitu cha kwanza kugusa gari langu ni maji, si mkono. Namwagia kuanzia kwenye paa kushuka chini, kwa mpira au kwa kopo, hadi mchanga wote unaoweza kutoka wenyewe uwe umetoka. Hapa usionee maji uchungu. Rimu naziosha mwanzo kabisa, na kitambaa chake, kwa sababu zina unga wa breki, na huo ukihamia mlangoni umejitafutia kazi. Ninaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla bati la gari halijapata moto. Ukiosha juani sabuni inakauka ungali upande wa pili.

Ndoo ni mbili. Moja ina maji na shampoo ya gari, nyingine ina maji matupu. Unachovya kwenye sabuni, unaosha eneo dogo, halafu kabla hujarudi kwenye sabuni unasuuza kitambaa kwenye ile ndoo ya maji matupu. Mara ya kwanza nilidhani ni mbwembwe za watu wenye muda. Nilipomaliza nikaangalia chini ya ile ndoo ya pili: mchanga umetulia pale kama wa ufukweni. Huo wote zamani ulikuwa unarudi kwenye boneti.

Sabuni ya unga na ile ya vyombo ziache jikoni. Zimetengenezwa kukata mafuta, na nta uliyoipaka juzi zinaiondoa nayo. Dodoki nalo lirudi bafuni. Tumia kitambaa cha maikrofaiba chenye manyoya marefu, pitisha kwa mstari ulionyooka, bila kukandamiza, ukianzia paa, vioo, boneti, milango, na mwisho sehemu za chini karibu na madigadi ambako ndiko kuna uchafu mzito. Kitambaa kikianguka chini kimestaafu. Usikikung'ute ukaendelea nacho, nakuomba.

Kwetu kuna adha mbili zaidi. Ya kwanza ni maji ya kisima. Visima vingi huku vina chumvi, na tone likikauka juu ya gari linaacha kiduara cheupe ambacho baadaye hakitoki kwa maji. Nikiwa na maji ya bomba au ya mvua nayatunza ndoo moja kwa ajili ya kusuuza mwisho. Nisipokuwa nayo, nakausha harakaharaka kwa taulo kubwa la maikrofaiba, nalilaza na kulivuta taratibu bila kusugua. Ya pili ni upepo wa bahari. Anayevuka na pantoni kila siku anajua ule unyevunyevu unaonata kwenye kioo. Chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu kunahitaji maji mengi kuliko milango, japo hakuna atakayekusifia kwa kupasafisha.

Kunguru nao wana ajenda yao. Kinyesi chao kikikaa juani kinaila klia hadi alama inabaki kudumu. Usikikwangue kwa kucha. Weka kitambaa kilicholowa juu yake dakika kadhaa, kilainike, kisha kiinue. Utomvu wa mwembe ni vivyo hivyo, ila wenyewe unataka subira zaidi. Kivuli cha mwembe ni kivuli cha gharama.

Sasa tuje kwenye polishi na waksi, maana hapa ndipo watu wengi wanachanganya, na wauzaji wa maduka ya vipuri wanachanganya zaidi. Polishi inapunguza. Ndani yake kuna chembechembe laini zinazokwangua klia kidogo sana ili kusawazisha mikwaruzo. Waksi inaongeza: ni nta inayokaa juu kama koti. Polishi haikingi kitu, na waksi haiondoi mkwaruzo, inauficha tu kwa muda. Kwa hiyo polishi ni jambo la mara moja kwa mwaka au hata chini ya hapo, waksi ndiyo ya kurudiarudia. Anayekuambia upige polishi kila mwezi anakuuzia klia yako mwenyewe.

Kabla ya polishi fanya jaribio hili. Gari likiwa safi na kavu, ingiza mkono ndani ya mfuko laini wa plastiki (mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku 2019, lakini ule wa mkate upo) upitishe juu ya boneti. Ukisikia chengachenga, kuna uchafu uliojichimbia ambao sabuni haiufikii. Unatolewa na udongo maalumu unaouzwa kwa kazi hiyo, unaoteleza juu ya maji ya sabuni. Ukiruka hatua hii unasugua uchafu kwa polishi.

Mimi polishi napiga kwa mkono, na nina sababu. Niliwahi kuazima mashine ya kuzungusha, nikajiona fundi. Boneti ilitoka vizuri mno. Nikafika kwenye ukingo wa mlango wa nyuma, pale bati linapokunja, klia ni nyembamba zaidi, mashine ikakaa sekunde chache tu. Alama ipo mpaka leo, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, imefifia kama jicho la samaki wa juzi. Klia ikiisha hairudi kwa polishi. Inarudi kwa fundi rangi, na kwa hela. Kwa mkono utachoka, hutaondoa mikwaruzo yote, lakini hutatoboa.

Waksi nayo ilinifundisha adabu. Mara ya kwanza nilipaka gari zima kwa mkupuo mmoja, saa saba mchana, tena nene kama siagi kwenye mkate. Ikakauka ikawa ngumu. Nikasugua hadi saa kumi na moja jioni, mke wangu akaniletea maji ya kunywa: "Baba Neema, kwani umeoa gari?" Kilichoniokoa ni kupaka waksi mbichi kidogo juu ya ile iliyokauka, inalainisha ya chini, kisha unafuta zote pamoja.

Paka kivulini, bati likiwa baridi, sehemu moja moja. Kwa mlango mzima kiasi cha punje mbili za mahindi kinatosha. Subiri ipate ukungu, pitisha kidole: ikitoka kama unga na kuacha pasafi, futa. Ikiburuzika, bado. Plastiki nyeusi za bampa na za pembeni zizibe kwanza kwa ule utepe wa karatasi wenye gundi wanaotumia mafundi rangi, maana waksi ikiingia pale inaacha weupe wenye kiburi.

Kuhusu aina, ile ya karnauba, nta inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende huko Brazili, inapendeza sana kwenye gari jeusi lakini kwa joto letu haikai muda mrefu. Za kutengenezwa maabara hukaa zaidi. Mimi bado napenda karnauba, ni ushamba wangu.

Injini sipigi maji ya presha. Kuna oltaneta, ile inayozalisha umeme wa gari, na waya, kitambaa chenye unyevu kinatosha.

Utajuaje waksi imekwisha? Mwagia kikombe cha maji kwenye paa. Yakikusanyika na kubingirika kama shanga, ipo. Yakilala bapa, imeondoka. Kwangu paa na boneti hutangulia, kama wiki ya sita hivi, milango ikiwa bado. Siku hizo napaka juu tu, nusu saa imekwisha, na Baba Neema anawahi chai.