Nimechafuliwa WhatsApp: je, kwenda kwa daktari wa akili ni upungufu wa imani?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Lubumbashi. Mtu alibandika sura yangu kwenye picha ya aibu, akaitupa katika kundi la WhatsApp la promosio yetu, yaani wanafunzi wa mwaka wetu. Walicheka, wakaisambaza. Majuma sasa silali, sili, darasani siingii, na mara nyingine natamani nisingekuwepo. Nyumbani wanasema nisubiri, nizidishe Qur'ani; eti anayekwenda kwa daktari wa akili ana upungufu wa imani. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu salaam, binti yangu. Naanza na neno ulilolipitia haraka, la kutamani usingekuwepo. Usilale nalo peke yako leo. Mwambie mama, shangazi au rafiki unayemwamini, akae nawe.

Ama imani, Bibi Aisha, mke wa Mtume na Mama wa Waumini, alisingiziwa machafu na maneno yakazagaa Madina. Katika Sahihi Bukhari anasimulia mwenyewe kwamba alilia usiku mbili na mchana mmoja, machozi hayakatiki, usingizi hauji, mpaka akadhani kilio kitampasua ini. Nani atathubutu kusema imani yake ilipungua? Na hakujifungia na donge lake: aliomba ruhusa, akaenda kwa wazazi wake.

Mtume (s.a.w.) amesema Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Kukosa usingizi na chakula kwa majuma kunahitaji matibabu. Qur'ani soma, dua omba, na kwa daktari nenda. Hapa mjini kuna kituo cha Dr Joseph Guislain kinachotibu maradhi ya akili. Kinaendeshwa na mabruda Wakatoliki, na najua baadhi ya wazazi wetu watakunja uso. Lakini katika Hijra, safari ya kuhamia Madina, Mtume alimkodi Abdullah bin Urayqit amwongoze njia, naye hakuwa Mwislamu.

Subira, huko nyumbani wameichanganya na kunyamaza. Aya ya 148 ya Sura An-Nisaa inasema Allah hapendi maneno mabaya yatangazwe, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Basi usifute kitu. Hifadhi picha za skrini, namba na tarehe, umpelekee shefu wa promosio, kisha wakuu wa chuo. Wakipuuza, sheria ya nchi kuhusu mambo ya mtandao, Kodi ya Numeriki (Code du numérique) ya Machi 2023, inaadhibu unyanyasaji wa mtandaoni. Nenda parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, ukiwa na mzazi.

Na wale wanaosema "mimi nilituma tu, sikutengeneza"? Wasome An-Nur aya ya 15: mlidhani ni jambo dogo, na mbele ya Allah ni kubwa. Sahaba Mistah hakuwa mtunzi wa uongo ule juu ya Bibi Aisha, aliubeba tu, na riwaya zinasema alichapwa viboko. Anayetaka kutubu afute, akuombe radhi, na aandike katika kundi lile lile kwamba picha ni ya uongo. Toba ya chumbani haitoshi kwa dhambi ya hadharani.

Kusamehe au kudai haki yako ni hiari yako, na asikuharakishe mtu wakati hata usingizi bado hujaupata. Wallahu aalam.