Walisema ni karuho, kumbe ni sukre

Juzi usiku dada mmoja wa Bagira, hapa Bukavu, aliniandikia: "Kaka, mdogo wangu anakonda kila siku, na usiku kucha ni kunywa maji tu. Nyumbani wanasema amelishwa karuho. Wewe uliponea wapi?" Karuho ndiyo ile sumu ya polepole ambayo kwetu husemwa mtu hutiliwa kwenye chakula. Niliusoma ujumbe huo mara tatu, kisha nikaweka simu chini. Ilikuwa kama nasoma habari zangu mwenyewe. Namjibu hapa ili na wengine wasome.

Mimi nina depo ya vinywaji karibu na soko la Nyawera. Miaka sita nimekaa katikati ya kazie, yaani kreti za chupa. Saa nne asubuhi nilikuwa nafungua sukre, yaani soda, ya kwanza. Jua likiwaka, ya pili. Mteja akichukua kazie tano kwa mpigo na kusema "tajiri, tunywe," ndiyo ya tatu. Jioni nyumbani, chai ya vijiko vinne. Chakula changu kilikuwa bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wadogo wa sambaza na maharage, kwa hiyo mtu akinishauri nile vizuri nilikasirika. Nilikuwa nakula vizuri! Sikujua kwamba kinachopita kwenye chupa nacho ni chakula.

Kisha ikaja kiu. Naamka mara nne usiku kwenda kukojoa, narudi nakunywa tena. Suruali zikaanza kunishuka. Nikatoboa mkanda matundu mawili mapya kwa msumari wa moto. Nikipanda Kadutu kwa miguu nasimama kila baada ya nyumba tatu. Daftari la madeni nikilifungua, tarakimu zinachezacheza.

Kwetu Bukavu, mtu akikonda hivyo jibu liko tayari. Familia ilikaa, wakahesabu nani alinipa chakula na lini. Wakamtaja mama jirani, aliyenipa sahani ya ndizi siku ya ubatizo wa mwanawe. Nami nilinyamaza. Nilimjua mama yule, alimlea mtoto wangu kama wake, na bado nilinyamaza. Nikapelekwa kwa mganga anayetapisha watu. Wiki tatu natapika, na kila nikimaliza kutapika wananifungulia sukre, ati nirudishe nguvu.

Aliyeniokoa ni muuguzi mmoja aliyekuja kununua vinywaji vya harusi. Aliniona nikimaliza chupa ya pili mbele yake, akauliza: "Usiku unakojoa mara ngapi?" Kesho yake, kabla ya chai, alinipeleka labo. Tone moja la damu kidoleni. Mtu akipimwa bila kula tangu usiku, kuanzia miligramu 126 za sukari kwa desilita ya damu ndipo wanapoita kisukari, na kipimo hurudiwa ili kuhakikisha. Yangu ilikuwa 312. Marehemu baba naye alikonda vivyo hivyo, na shangazi mmoja alifukuzwa ukoo kwa ajili yake. Hakuna aliyempima baba.

Sasa hesabuni pamoja nami. Chupa ya sukre ya sentilita 30 ina karibu gramu 30 za sukari, yaani vijiko vya chai saba au nane. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi karibu gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na heri iwe 25. Mimi hizo 50 nilizivuka kabla ya kula bugali ya mchana. Sisemi sukre peke yake ndiyo iliniangusha. Kuna damu ya baba, kuna tumbo nililofuga kwa kukaa depo kutwa. Lakini damu ya baba siwezi kuibadilisha, chupa niliweza.

Wiki iliyopita nimepima: 112. Nilitoka labo nikitembea kama bwana harusi. Vidonge vya kisukari vya metiformini nameza mpaka leo, na asiwadanganye mtu kwamba majani ya kuchemsha yanatosha. Kiu nakata kwa maji. Chai nakunywa bila sukari. Wiki mbili za kwanza ilikuwa chungu kama kwinini, sasa ndipo nasikia ladha ya majani yenyewe. Bugali nimepunguza hadi ngumi moja, sombe na maharage yajaze sahani. Juisi ya marakuja uliyoijaza sukari ni sukre tu isiyo na chupa. Maji, ndugu zangu. Maji.

Tumeifanya sukre kuwa heshima. Mgeni akipewa maji anaona amedharauliwa, mtoto akifaulu darasani zawadi yake ni chupa. Tunawafundisha wana wetu kwamba upendo ni utamu, halafu wakikonda ukubwani tunatafuta mchawi. Kwangu mgeni anapata maji na avoka. Atakayenuna anune.

Dada wa Bagira, kesho mdogo wako asinywe chai. Mpeleke labo, uombe glisemi, yaani kipimo cha sukari kwenye damu. Mimi nililipa pesa isiyofika nusu ya bei ya kazie moja. Lakini kama anatapika, anapumua kwa haraka au amelegea, usingoje asubuhi, nenda hospitali usiku huohuo. Na huyo mliyemtaja, msimguse. Mimi ilinichukua miezi minane kupata moyo wa kugonga mlango wa mama jirani. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Alifungua, akanitazama mkanda wangu wenye matundu, akaniuliza kama nimekwisha kula.