Jibu: Kwa nini mafundi wa ghala la Harmondsworth walitumia miti mibichi na nguzo za kichwa chini

Mwenzetu ameuliza ilikuwaje mafundi wa Uingereza wa karne ya 15 wajenge maghala ya nafaka kwa miti mibichi, tena nguzo wazisimamishe kichwa chini, yaani upande wa shina ukiwa juu, na majengo yadumu hadi leo. Mimi ni seremala. Kazi nilijifunza Tanga, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikarabati fremu za mwaloni kusini mwa Uingereza. Nitatumia mfano wa ghala la Harmondsworth, magharibi mwa London, jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow.

Ghala hilo lilijengwa kati ya 1425 na 1427 katika shamba la Chuo cha Winchester. Lina urefu wa meta 58 hivi, na safu mbili za nguzo zimeligawa kuwa ukumbi mpana katikati na pande mbili nyembamba, kama kanisa. Pete za miti zinaonyesha kuwa mialoni ilikatwa kati ya majira ya baridi ya 1424–25 na machipuko ya 1426, yaani haikungojewa ikauke.

Na isingewezekana kungoja. Kwa hesabu ya mafundi, mwaloni hukauka kama milimeta 25 za unene kwa mwaka, hivyo nguzo nene zingekaa zaidi ya miaka kumi, na zikishakauka zinakuwa ngumu hata patasi inapoteza makali kabla tundu moja halijaisha. Mti mbichi hauna ubishi huo. Unapokauka husinyaa kwa upana, ila urefu wake hupungua kidogo sana. Ndiyo maana utaona nguzo zina nyufa za kutisha ilhali paa halijashuka.

Kinachofunga kiungo ni kigingi cha mwaloni kinachopita kwenye tundu la mti mmoja na ulimi, yaani ncha iliyochongwa ya mti wa pili inayoingia humo. Toboa la kwenye ulimi husogezwa makusudi kama milimeta 3 kuelekea bega la ulimi (pale ulimi unapoanzia), ili kigingi kikipigwa nyundo kiuvute ulimi ndani na kuubana, na kiendelee kuubana mti unaposinyaa. Mara yangu ya kwanza nilisogeza toboa upande usio wake: kila pigo la nyundo likawa linausukuma ulimi nje, nikabaki nimeduwaa huku fundi wangu akicheka. Boriti ile ikageuzwa kuwa kipande cha mazoezi.

Kuhusu nguzo za kichwa chini, wapo wanaosema ni kuzuia maji yasipande kutoka ardhini. Maelezo hayo hayaniridhishi, kwa sababu nguzo zile zimekalishwa juu ya mawe, na kazi ya kuzuia unyevu inafanywa na mawe. Sababu ninayoiona nikipanda ngazi ni nafasi. Juu ya nguzo hukutana miti mitatu: nguzo yenyewe, mbati inayokwenda kwa urefu wa jengo, na boriti inayokingama kutoka nguzo hadi nguzo. Kila mmoja unahitaji mahali pake pa kuchongwa, na upande wa shina ndio wenye unene wa kutoa ndimi mbili, moja ya mbati na moja ya boriti.

Misumari ya chuma ilitumika kwenye mbao za kuzibia kuta, lakini viungo hivi vikuu vilifungwa kwa vigingi. Asidi ya mwaloni mbichi hula chuma na kuacha madoa meusi.