Usiache kazi, dada. Madam Walker mwenyewe hakuacha

Hiyo barua ya kuacha kazi ifute. Ifute hata kwenye simu, usije ukaituma usiku ukiwa na mzuka.

Umeuliza mambo matatu: uchukue kifurushi kipi cha kuingilia kwenye hiyo biashara ya mtandao ya bidhaa za nywele, kile kidogo au cha "dhahabu", TIN unaitafuta lini, na mafuta gani ya nywele yanatoka haraka hapo Dodoma. Halafu ukamalizia kwamba umetiwa moyo na Madam C.J. Walker, Mmarekani mweusi aliyeanza na dola 1.50 akawa milionea, na kwamba kocha wako amesema nawe utafika ukijilipua kama yeye. Damu ikanichemka. Maneno hayo hayo niliyasikia kwenye ukumbi wa hoteli, projekta inawaka, watu wanapiga makofi, mimi natokwa machozi ya furaha. Siku hizi nikiona projekta nashika pochi.

Ngoja nikupe kipande ambacho makocha hukiruka.

Jina la kuzaliwa la Madam Walker ni Sarah Breedlove, 1867, Delta, Louisiana, wazazi wakiwa ndio kwanza wametoka utumwani kwenye mashamba ya pamba. Miaka 7, yatima. Miaka 14, ameolewa, na mwenyewe alisema aliolewa ili apate pa kukaa. Miaka 20, mjane mwenye mtoto wa kike mgongoni. Akaenda St. Louis walikokuwa kaka zake, vinyozi, akaanza kufua nguo za watu. Alifua kwa zaidi ya miaka 15, dada! Beseni, ubao, sabuni kali, mtoto anasoma kwa hela hiyo hiyo. Kwenye semina yangu miaka yote hiyo ilipita kwa slaidi moja: "Alikuwa maskini. AKAAMUA."

Na alipoingia kwenye dawa za nywele, hakuuza yake. Aliuza ya mwanamke mwingine mweusi, Annie Turnbo. Alikuwa wakala, kama unavyotaka kuwa wewe. Mwaka 1905 akahamia Denver, na ile dola 1.50 mnayoimbiwa ndiyo aliyosema alifika nayo. Sasa muulize kocha wako: alikula nini mwezi ule? Aliajiriwa kupika, ndicho alichokula. Mchana yuko jikoni kwa watu, muda unaobaki anagonga milango na makopo yake. Hata alipoachana na jiko alirudia kufua siku mbili za wiki huku dawa yake mwenyewe ikianza kupata watu. Huko kujilipua kuko wapi?

Mimi nilijilipua. Nilikuwa karani wa stoo kwenye kampuni ya usafirishaji, mshahara wa kawaida, bima ya afya, bosi mkorofi kiasi. Nikaacha, nikachukua kifurushi cha dhahabu. Lakini hicho siyo kilichonimaliza, na hapa nakuomba usome taratibu.

Kilichonimaliza ni pointi za mwisho wa mwezi. Ukishapanda cheo, timu yako, yaani watu uliowaingiza, lazima ifikishe pointi kadhaa za mauzo kabla mwezi haujaisha. Zisipofika unashushwa, na kamisheni ya watu wako inakuruka inaenda juu. Basi ikifika tarehe 28 simu inaita: "Malkia, umebakiza kidogo tu." Malkia! Unafanyaje? Unanunua mzigo mwenyewe. Kwenye mfumo inaonekana umeuza. Unapigiwa makofi kwenye grupu, unatumiwa na taji la njano. Mwezi unaofuata, tena. Katoni za mwezi uliopita bado ziko chini ya kitanda, hazijafunguliwa.

Nilimaliza akiba ya kikoba. Nikaingia mikopo ya kausha damu, nikaandikisha friji na televisheni. Watoto wakawa wanaoga shampoo, tunafulia shampoo, tukapigia deki shampoo. Mume wangu, ambaye kichwani hana hata unywele wa kuazima, siku yake ya kuzaliwa alipata zawadi ya mafuta ya kukuza nywele. Tulicheka. Friji lilipobebwa hatukucheka sana.

Na yule kocha? Nilipomweleza alinijibu kwamba nina "akili ya mwajiriwa". Yeye alikuwa analipwa kwa kila katoni niliyojinunulia tarehe 28! Mteja wake nilikuwa mimi. Mwaka mzima namwita mentori, kumbe ndiye muuza duka na mimi ndiye ninayetoka na mfuko. Mungu ampe nywele nyingi, azioshe kwa ile shampoo.

Kwa hiyo ukisahau yote, shika hili: usinunue mzigo wa pili mpaka wa kwanza uishe wote kwa watu wasio ndugu zako na wasio wanachama, na baadhi yao warudi wenyewe kuulizia. Shangazi hahesabiki. Mwenzako wa kikoba aliyekuonea huruma hahesabiki. Wewe mwenyewe ndiyo kabisa.

Najua atatokea mtu hapa chini aseme Walker naye alikuwa na maelfu ya mawakala, na kwamba kwenye mkutano wao wa Philadelphia, 1917, aliwazawadia hata walioleta mawakala wapya. Ni kweli. Lakini wale wanawake walifundishwa kazi ya mikono: kuosha kichwa, kutibu ngozi ya kichwa, kutengeneza nywele. Kulikuwa na kichwa cha mtu kwenye kiti, na huyo mtu alilipa akaondoka. Shida nayo ilikuwepo. Nyumba nyingi hazikuwa na maji ya bomba ndani, watu walikaa muda mrefu bila kuosha nywele, ngozi zinaugua, nywele zinakatika. Za Sarah mwenyewe zilikatika. Wewe hapo Dodoma nani amekulalamikia nini? (Na kitana cha moto cha kunyooshea nywele hakukivumbua Walker. Kocha wako akisema hivyo, ujue ana slaidi zile zile.)

Mwaka 1912, kwenye mkutano wa wafanyabiashara weusi Chicago, Booker T. Washington, kiongozi maarufu wa Wamarekani weusi aliyeongoza mkutano huo, hakutaka kumpa Walker nafasi ya kusema. Mama huyo akasimama mwenyewe. Akasema ametoka kwenye mashamba ya pamba akapandishwa cheo hadi kwenye beseni la kufulia, kutoka hapo hadi jikoni, na kutoka jikoni akajipandisha mwenyewe. Akamalizia kwamba amejenga kiwanda chake, kwenye ardhi yake. Ona vituo vyote alivyovitaja, hakuna alichokiruka. Kiwanda kilikuwa Indianapolis, fomula yake, bei anapanga yeye. Kifurushi cha dhahabu bei anapanga nani?

Kocha akikwambia nafasi inafungwa Ijumaa, mwache afunge, Jumatatu atafungua. Kabla ya kusaini piga picha fomu uilete hapa, hasa ukurasa unaosema mzigo usiouzika unarudishwaje. Ficha jina na namba yako ya simu. Kwenye fomu yangu maneno hayo yalikuwa nyuma, kwa herufi za sisimizi.