Maswali ya Wasomaji: Mbona Hawapandi Miche Palipoungua?

SWALI: Binti yangu anaishi Davis, jimbo la California nchini Marekani, na ameahidi kwamba nikimtembelea atanipeleka katika hifadhi ya Stebbins Cold Canyon, ambayo iliungua mwaka wa 2015 na tena mwaka wa 2020. Anasema vichaka vimeachwa vijiotee vyenyewe. Hapa Nakuru, moto ukipita Menengai, tunashika majembe na miche. Je, nisafiri mbali hivyo kutazama majivu, na mbona hawapandi? Mzazi, Lanet, Nakuru.

JIBU: Nenda, mzazi mwenzetu, lakini majivu hutayakuta, kwa sababu mvua za msimu wa kwanza huyasomba. Sehemu kubwa ya milima hiyo imefunikwa na chaparali, yaani vichaka vigumu vyenye majani madogo makavu, katika nchi ambayo mvua hunyesha majira ya baridi na kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, hupita karibu bila tone. Uoto wa namna hiyo umezoea kuungua mara moja moja, na una njia zake za kurudi.

Mwombe binti yako akuonyeshe kichaka ambacho wanabotania hukiita Adenostoma fasciculatum. Huenda ukaona vijiti vyeusi vilivyokufa vikiwa bado vimesimama katikati, na kuvizunguka, machipukizi ya kijani yaliyotoka kwenye kivimbe cha mti kilichojificha kati ya shina na mizizi, mahali ambapo moto haukufika. Wachoma makaa wa kwetu wanaijua tabia hiyo, kwani leleshwa nayo ukiikata au ikiungua huchipua tena kutoka kisikini.

Vichaka vingine havichipui. Baadhi ya jamii za Ceanothus hufa kabisa motoni, lakini mbegu zao zenye ganda gumu huwa zimelala udongoni kwa miaka mingi zikisubiri joto la kulipasua ganda hilo. Mbegu za mimea mingine huamshwa na kemikali za moshi na za kuni zilizoungua. Ndiyo maana kupanda miche mara nyingi hakuna haja, na watu wengi wakiingia na majembe huishia kukanyaga miche iliyokwisha kuota.

Hata hivyo, nisingependa uondoke ukidhani kwamba moto hauna madhara huko. Miaka mitano kati ya moto na moto ni michache mno: kichaka kinachotegemea mbegu pekee huenda kisiwe kimekomaa na kuweka akiba mpya, na nafasi yake huchukuliwa na nyasi zilizotoka Ulaya, ambazo hukauka mapema na kushika moto upesi zaidi. Kwa maoni yangu, hilo ndilo la kuchunguza zaidi mkifika: wapi vichaka vimerudi, na wapi nyasi zimetawala.

Nendeni Machi au Aprili, wakati wa maua, mapema asubuhi, baada ya kuhakikisha kwamba njia iko wazi. Msitoke njiani. Kuna mmea wenye majani matatumatatu ambao mafuta yake hutoa malengelenge. Tofauti na upupu, ambao hukuwasha papo hapo, huu huweza kungoja siku moja au mbili, na hata vijiti vyake visivyo na majani huwasha.

Kuhusu Menengai, penye mikaratusi iliyopandwa na watu sina ugomvi na majembe yenu. Ila penye leleshwa, subirini kwanza mvua inyeshe, kisha mkague visiki kabla ya kuchimba shimo lolote. Na kama ulikuwa umefikiria kumfungia binti yako mbegu au miche, ujue kwamba forodha ya Marekani hudai kila mmea na kila mbegu itajwe uwanjani, na mingi hunyang'anywa papo hapo.